Vinyunyizio vya moto kwenye godauni: jinsi ya kujua kama vyako vinaumudu mzigo

Godauni la Industrial Area, Nairobi, limejengwa kwa ajili ya marobota ya nguo yanayopangwa sakafuni hadi mita 3. Mpangaji wa kwanza anahama, wa pili anaingia na raki za mita 7.5, anazijaza beseni, madebe na viti vya plastiki. Vinyunyizio ni vilevile, mabomba ni yaleyale, tangi ni lilelile, na cheti cha ukaguzi kimetundikwa ofisini. Moto ukizuka, vichwa vitafunguka vizuri tu, maji yatamwagika, na godauni litateketea. Hakuna kilichoharibika hapo. Mfumo ulipigiwa hesabu ya mzigo mwingine.

Mwongozo huu ni wa mwenye godauni, meneja wa ghala au fundi anayetaka kujua mfumo ulio juu ya kichwa chake unaweza nini. Historia imo kidogo, maana kila kizazi cha vinyunyizio (mafundi wengi wanaviita springla) kilikuja na masharti yake, na usipojua kizazi ulicho nacho huwezi kujua ni masharti gani unayavunja.

Vilikotoka na vilipofika

Viwanda vya nguo vya Marekani katika karne ya 19 vilitandaza darini mabomba yaliyotobolewa. Mtu alifungua vali kwa mkono, na maji yakamwagika penye moto na pasipo moto. Mwaka 1874 Henry Parmelee aliweka katika kiwanda chake cha piano, mjini New Haven, vichwa vilivyozibwa kwa metali inayoyeyuka kwa joto. Kila kichwa kilijifungua chenyewe pale tu joto lilipokifikia. Hadi leo ndivyo ilivyo: zile picha za sinema ambamo mtu anawasha kiberiti chini ya kichwa kimoja na jengo zima linalowa ni uongo mtupu. Frederick Grinnell alipata hataza ya kichwa bora zaidi mwaka 1881, na kampuni za bima zikaanza kudai mfumo huu. Kufikia 1895, eneo la kuzunguka Boston peke yake lilikuwa na kanuni tisa tofauti za ukubwa wa mabomba. Vurugu hiyo ndiyo iliyozaa kanuni moja mwaka 1896, ambayo leo inaitwa NFPA 13.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kichwa kilirusha sehemu ya maji juu ili kulowesha dari ya mbao. Kisha kisahani cha kusambazia maji kikabadilishwa, maji yote yakashushwa chini kama mwavuli. Hicho ndicho kichwa cha kawaida tunachokiona maofisini na madukani. Kazi yake ni kudhibiti moto: kulowesha vilivyo jirani na kupoza paa mpaka zimamoto wafike.

Folklifti ndiyo iliyovuruga mambo. Mzigo ulipopandishwa kwenye raki na plastiki ikachukua nafasi ya magunia na mbao, moto ulianza kupanda kwa kasi kubwa kuliko matone madogo yalivyoweza kushuka. Moshi na hewa moto huyabeba matone hayo yakarudi juu, mengine hugeuka mvuke kabla ya kugusa katoni. Jibu la kwanza lilikuwa kichwa cha matone makubwa. La pili, lililoingia sokoni mwaka 1988, ni aina inayoitwa ESFR: tundu kubwa, matone mazito, na kifungulio chepesi kinachowahi moto ukiwa bado mdogo. Hii haisubiri zimamoto, imeundwa kuzima. Ila haina subira na makosa ya ujenzi, kama tutakavyoona.

Hatua ya kwanza: soma kichwa chenyewe

Tumia jukwaa la kupandia, usipande raki. Angalia vichwa vitatu au vinne sehemu mbalimbali, kwa sababu si ajabu kukuta aina mbili chini ya paa moja baada ya matengenezo. Hiyo ni kasoro: chenye kifungulio chepesi kitawahi, kitakipoza jirani yake, na jirani hatafunguka anapohitajika.

Rangi ya maji ndani ya kichupa cha kioo inakuambia joto la kupasuka: chungwa nyuzi 57 za Selsiasi, nyekundu 68, njano 79, kijani 93, bluu 141, zambarau 182. Unene wa kichupa unakuambia kasi: milimita 5 ni cha kawaida, milimita 3 ni cha haraka. Vingine, hasa ESFR, havina kichupa bali vibati viwili vilivyounganishwa kwa metali inayoyeyuka.

Kwenye kisahani au fremu kumechorwa mwaka wa kutengenezwa, nyuzi joto, alama ya modeli, na mara nyingi herufi: SSU ni cha kawaida kinachotazama juu, SSP kinachotazama chini. Namba inayohitajika zaidi ni K. Inaonyesha ukubwa wa tundu, na hesabu yake ni nyepesi: lita kwa dakika ni K mara kipeuo cha pili cha presha ya bar. Kichwa cha K80 kwenye bar 1 hutoa lita 80. Kwenye bar 4 hutoa lita 160, si 320. Kumbuka hilo mtu anapokuambia atatatua upungufu wa maji kwa kuongeza presha.

Mfano unaonyesha kwa nini matundu yalikua. Tuseme mzigo unadai milimita 24 za maji kwa dakika, yaani lita 24 kwa kila mita ya mraba, na kila kichwa kinalinda mita za mraba 9.3. Kichwa kimoja kitoe lita 223. Kwa K80 utahitaji karibu bar 7.8 kwenye kichwa cha mwisho kabisa, jambo ambalo pampu na mabomba ya kawaida hayawezi. Kwa K160 unahitaji bar 1.95 tu.

Ukimaliza vichwa, nenda kwenye bomba kuu la kupanda na utafute kibao cha hesabu: kinapaswa kuonyesha eneo lililohesabiwa, milimita kwa dakika au idadi ya vichwa na presha, na lita zinazohitajika. Kibao kikikosekana, pima mabomba. Ukikuta bomba la milimita 25 linalisha vichwa 2, la 32 vichwa 3, la 40 vichwa 5, la 50 vichwa 10, la 65 vichwa 20, basi mfumo huo ulipangwa kwa jedwali la zamani la hatari ya wastani, bila hesabu ya mtiririko. Karakana au duka linaweza kukaa chini yake. Raki ndefu za plastiki haziwezi, hata mabomba yawe yanang'aa.

Hatua ya pili: panga mzigo kwa daraja

Mzigo wa kawaida una madaraja manne, kisha plastiki zina kundi lao. Maziwa ya boksi kwenye paleti za mbao yako daraja la kwanza, maana maji yaliyomo yanasaidia. Karatasi, vitabu na unga wa mahindi kwenye pakiti za karatasi huhesabiwa daraja la tatu. Viti vya plastiki visivyo na katoni ni plastiki wazi. Magodoro ya sponji ni plastiki iliyofurishwa (yenye vipovu vya hewa ndani), tena wazi, na hayo ni balaa. Usidhani ESFR yoyote inayatosha, fungua jedwali la modeli husika kwanza. Matairi, karatasi za shashi zilizoviringwa na makopo ya kupulizia yana kanuni zao kabisa.

Watu husahau paleti. Ukibadilisha za mbao ukaweka za plastiki zisizoimarishwa, mzigo wa daraja la kwanza hadi la tatu unapanda daraja moja. Zikiwa zimeimarishwa unapanda mawili. Na paleti tupu za mbao zilizorundikwa kwenye kona ni kuni kavu zenye hewa katikati, hatari kuliko bidhaa nyingi zilizoko kwenye raki. Zikilazimika kukaa ndani bila ulinzi maalumu, rundo lisizidi mita 1.8 kwenda juu, marundo yasizidi manne kwa kikundi, na kikundi na kikundi viachane mita 2.4. Afadhali uziweke nje, mbali na ukuta.

Andika daraja la mzigo mbaya zaidi, urefu wa juu kabisa wa mzigo, na urefu wa paa. Namba hizo tatu ndizo utakazopeleka kwenye jedwali. Chagua kanuni moja, NFPA 13 au EN 12845 ya Ulaya, uifuate hadi mwisho. Nairobi utawakuta wahandisi wa shule zote mbili, na kosa linalorudiwa ni kuchukua vipimo vya nafasi kutoka moja na kiasi cha maji kutoka nyingine, kila mara kile kilicho rahisi.

Hatua ya tatu: hesabu maji kwa ukali

Hapa ndipo magodauni mengi ya Nairobi yanapoangukia. Mgao wa maji unajulikana, kwa hiyo bomba la mtaa lihesabu kama njia ya kujaza tangi tu. Maji yote ya kuzimia moto lazima yawe yako uani kabla moto haujawaka.

Chukua paa la mita 9 na mzigo wa mita 7.5 wa plastiki isiyofurishwa ndani ya katoni, ukilindwa na ESFR ya K200. Kila kichwa kinahitaji angalau bar 3.4, yaani lita 369 kwa dakika. Hesabu hufanywa kwa vichwa 12 vikifunguka pamoja: lita 4,428. Ongeza lita 946 kwa dakika za mipira ya zimamoto, unapata takriban lita 5,370 kwa dakika. Muda ni dakika 60. Tangi linahitaji mita za ujazo 322 zinazotumika kweli, bila kuhesabu maji ya chini ambayo mdomo wa pampu hauyafikii, na vichwa vya karibu na pampu vitatoa zaidi ya kile cha mwisho, basi ongeza nafasi. Tangi la plastiki la lita 10,000, lile jeusi linaloonekana juu ya kila jengo, lingekwisha kabla ya dakika mbili.

Ukitumia K240 badala ya K200, presha inashuka hadi bar 2.4 na lita zinabaki karibu zilezile, 372. Unaokoa pampu, huokoi tangi.

Linganisha na karakana ya hatari ya wastani: milimita 8.1 kwa dakika juu ya mita za mraba 139 ni lita 1,126, pamoja na mipira lita 2,072 kwa dakika. Kwa dakika 60 ni mita za ujazo 124. Kama tangi lako ni la ukubwa huo na raki zako zina mita saba, umeshapata jibu.

Kisima kisitumike kulisha pampu ya moto moja kwa moja. Kijaze tangi, na mdomo wa kuingilia pampu uwe na kichujio, kwani mchanga huishia kwenye vichwa vya mwisho. Tena, usiruhusu tangi la moto ligawane bomba la kutolea na choo au kiwanda. Kama ni lazima yakae tangi moja, bomba la matumizi mengine litoboe tangi juu ya kiwango cha maji ya kuzimia moto, ili hata wafanyakazi wakimaliza yao, ya kuzimia moto yabaki.

Pampu, na kwa nini mwinuko wa Nairobi ni hesabu

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na orodha za bei za pampu hazilijui hilo. Injini ya dizeli hupoteza asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 juu ya mita 91 za kwanza. Kwa mita 1,700 ni kama asilimia 16. Pampu inayodai kilowati 100 inataka injini iliyoandikwa angalau kilowati 119, na joto la chumba likizidi nyuzi 25, ongeza asilimia 1 kwa kila nyuzi 5.6 zaidi. Injini iliyonunuliwa kwa kipimo cha Mombasa itawaka vizuri kwenye majaribio ya bila mzigo, kisha itakohoa siku vichwa vikifunguka.

Pili, hewa ni nyepesi. Kwenye usawa wa bahari hewa inaweza kusukuma maji juu kama mita 10.3, hapa ni kama mita 8.4. Pampu inayonyonya maji kutoka tangi la chini ya ardhi inapoteza karibu mita 2 za uwezo kabla haijaanza. Iweke pampu chini ya kiwango cha maji ili yaingie yenyewe, au tumia ya wima inayozama ndani ya tangi.

Pampu ya moto hupimwa kwa nukta tatu: kwenye mtiririko wake rasmi itoe presha yake rasmi, kwenye asilimia 150 ya mtiririko isishuke chini ya asilimia 65 ya presha, na ikiwa vali zimefungwa isizidi asilimia 140. Muuzaji asiyeweza kukupa mchoro wa nukta hizo anakuuzia pampu ya kumwagilia maua. Stima ikikatika usitegemee pampu ya umeme peke yake. Weka ya dizeli, na tangi la mafuta la lita 5.07 kwa kila kilowati pamoja na asilimia 10. Kwa kilowati 119 ni karibu lita 664. Pampu ndogo ya kushikilia presha iwepo, la sivyo kubwa itawaka kila bomba likivuja tone.

Paa linavyoua ESFR

ESFR hairuhusiwi chini ya paa lenye mteremko unaozidi 2 kwa 12, karibu nyuzi 9.5. Magodauni mengi ya mabati ya zamani yana mteremko mkali kuliko huo. Joto hukimbilia kwenye kilele na kufungua vichwa visivyo juu ya moto. Suluhisho ni kushusha dari bapa chini ya mapaa hayo, au kuacha ESFR na kuweka vinyunyizio ndani ya raki.

Kisahani cha ESFR ya K200 inayotazama chini kikae milimita 150 hadi 350 kutoka darini. Kati ya kisahani na juu ya mzigo iache milimita 914. Kwa vichwa vya kawaida ni milimita 457. Piga mstari mwekundu ukutani kwenye urefu huo, kwa sababu mwezi wa kumi na mbili stoo zikifurika hakuna anayekumbuka namba.

Taa, mabomba ya stima na mifereji ya hewa vilivyofungwa baadaye ndivyo vinavyoharibu mfumo uliokuwa mzuri. Maji ya ESFR hutakiwa kufika katikati ya moto yakiwa mazito, na taa ndefu moja chini ya kichwa huacha kivuli kikavu hasa pale moto ulipo. Fundi umeme asipewe kibali cha kutundika chochote bila mtu wa vinyunyizio kukagua. Chini ya mabati ya mwanga, jua la mchana hupandisha joto, kwa hiyo weka hapo vichwa vya nyuzi 79 hadi 107 badala ya chungwa au nyekundu.

Kwenye raki, ile mianya ya milimita 75 kati ya paleti na paleti, na 150 kati ya mgongo na mgongo, ndiyo njia ya maji kushuka. Ukiifunika kwa mbao ili katoni zisianguke, umetengeneza rafu imara, na maji ya juu hayatafika chini. Tumia wavu wa waya.

Vyumba vya kugandishia samaki ni habari nyingine. Maji yataganda bombani, hivyo hutumika mfumo mkavu wenye hewa, au ule unaosubiri kigundua moto kabla ya kujaza bomba. Usichomeke ESFR ya kawaida kwenye bomba kavu. Muda wa maji kufika unaua faida yake yote.

Majaribio, na yanayoharibika

Mfumo mpya ujazwe maji kwa bar 13.8 ukae saa 2 bila kushuka. Baada ya hapo, sababu namba moja ya vinyunyizio kushindwa ni vali iliyofungwa. Fundi alirekebisha uvujaji, akafunga, akaenda zake. Zifunge vali zote kwa mnyororo na kufuli zikiwa wazi, uweke swichi inayopiga kengele zikiguswa, na mtu mmoja mwenye jina aziangalie kila wiki.

Dizeli iwashwe kila wiki dakika 30, ya umeme kila mwezi dakika 10. Kila miezi mitatu fungua bomba kuu la kutolea maji: andika presha kabla ya kufungua na wakati maji yanatoka. Ikishuka zaidi ya asilimia 10 kuliko rekodi ya awali, kuna vali iliyofungwa nusu au takataka njiani. Fungua pia vali ya majaribio ya mkaguzi iliyo mwisho wa mabomba, kengele ilie ndani ya dakika 5.

Hewa iliyonaswa ndani ya mabomba hula chuma kwenye mstari ambapo maji yanakutana nayo. Weka tundu la kutolea hewa kwenye sehemu ya juu kabisa, na usimwage maji na kujaza upya bila sababu, maana kila kujaza ni kuingiza oksijeni mpya. Kichwa kilichopakwa rangi hakisafishwi, hubadilishwa.

Kanuni za Kenya za kupunguza hatari ya moto kazini za mwaka 2007 zinadai ukaguzi wa moto kila mwaka. Mpe mkaguzi daraja la mzigo, urefu wake na kibao cha hesabu hata asipoviomba. Na kabla ya kununua kiungio cha mipira ya zimamoto, uliza kikosi cha kaunti ni aina gani wanayotumia. Kiungio kisichoingiliana na mpira wao ni pambo la ukutani.

Ofisini weka sanduku la akiba lenye vichwa vya aina ileile iliyoko juu na spana yake maalumu: vichwa 6 kwa mfumo wenye chini ya vichwa 300, 12 kwa vichwa 300 hadi 1,000, na 24 kwa zaidi ya hapo. Bila akiba hiyo, folklifti ikivunja kichwa kimoja Ijumaa jioni, godauni zima litakaa vali imefungwa hadi Jumatatu.